Matanga ya Mtu Aliye Hai

Wapo watu hapa Mtwara waliopumzika niliponyamaza, na siwalaumu. Nilikuwa mwalimu wa Kiswahili chuoni, na mwalimu wa namna hiyo akipewa nafasi ya kutoa neno la shukrani harusini, huanza na asili ya neno "shukrani". Niliwahi kuchelewesha pilau la ukumbi mzima pale Rahaleo mpaka bibi mmoja wa upande wa bwana harusi akauliza, bila kunong'ona, "Huyu hana kwao?" Sauti ilikuwa kazi yangu na pambo langu. Ilipoanza kukwaruza nilisingizia vumbi la chaki, ingawa chuoni chaki tuliiacha zamani.

Naandika haya kwa sababu nilipokuwa nasubiri upasuaji nilitafuta mtu wa kuniambia maisha yakoje baada yake, nikapewa karatasi yenye mchoro wa koo. Mchoro wa koo haukuambii utamsalimiaje mama yako. Ugonjwa wenyewe madaktari watakueleza vizuri kuliko mimi. Mimi nitasema yale ambayo hayamo kwenye mchoro.

Ilianza mikorosho ikiwa na maua. Nilikunywa tangawizi, asali, mdalasini, pamoja na ushauri wa kila mtu aliyewahi kukohoa. Korosho zilipoanza kuanguka nilikuwa nafundisha kwa kunong'ona, na wanafunzi kwa adabu zao wakawa wananiuliza maswali kwa kunong'ona vilevile, darasa zima kama watu wanaopanga wizi. Zuhura, mke wangu, naye ni mwalimu, wa sekondari, na hana subira na mambo ya kukisia.

"Baba Rehema, sasa basi," akasema. "Kesho tunakwenda hospitali, na safari hii mimi ndiye nitakayeongea."

Tulikaa kwenye mabenchi ya Mtwara, kisha tukapewa barua ya kwenda kukaa kwenye mabenchi ya Dar es Salaam. Huko ndiko nilikojifunza kwamba chumba cha kusubiria kina wenyeji na wageni. Mwenyeji anajua benchi lipi linapata feni, na hatazami mlango unapofunguliwa. Mgeni anatazama kila mara.

Daktari, mama mmoja mpole aliyevaa miwani shingoni, alisema ni saratani na kwamba kisanduku cha sauti lazima kitoke chote. "Utapumua kwa tundu hapa," akasema, akagusa ukosi wa koti lake mwenyewe.

"Na kuongea?" Zuhura akauliza.

"Kwa namna aliyozoea, hapana. Baadaye kuna mazoezi, kuna vifaa. Lakini ile sauti yake, hapana."

Zuhura aliniangalia akisubiri niseme kitu. Nilikuwa bado nina mnong'ono wangu. Sikupata la kuutumia.

Sasa nieleze kuhusu mama, maana bila mama hiki kingekuwa kisa cha koo tu.

Mama aliishi Mahurunga, karibu na mto Ruvuma, kwenye nyumba aliyonikatalia kuihama kila nilipomwomba aje mjini. Macho yake yalikuwa yameharibika na presha ya macho. Aliona mwanga wa mlango na vivuli vinavyopita, basi. Watu aliwajua kwa sauti. Mimi nilikuwa nampigia kila Ijumaa baada ya swala, kwa simu ya jirani yake Bi Somoe, mjane mwenye ulimi mkali na moyo usiolingana na ulimi wake. Mama alikuwa na Kiswahili cha kwetu kule mtoni, ambacho mtoto ni "ntoto" na mkono ni "nkono", na mimi kwa usomi wangu nilitumia ujana wangu wote kumsahihisha bila mafanikio.

Na nieleze pia tunavyopeana habari ya kifo, kwa wale watakaosoma haya wakiwa wametoka mbali na kwetu. Hatumwambii mzee kwa simu kwamba mwanao amefariki. Tunamwambia amezidiwa, njoo umwone. Tunampeleka taratibu, na anafika akiwa kati ya watu watakaomshika. Nia ni njema. Ndivyo tulivyomfanyia mama wakati wa mdogo wangu Issa, aliyekufa kwa ajali ya pikipiki huko Masasi. Tulimwambia mama kwamba mgonjwa anaendelea vizuri na anamuulizia. Mama akapika uji wa mtama, akautia kwenye chupa ya chai, akaupakata njia nzima ili usipoe. Tulipomshusha uani alisikia vilio vya wanawake kabla hajafikiwa na mtu. Alisimama na chupa yake.

"Sasa huu nimpe nani?" aliuliza.

Mwishowe mimi ndiye niliyeipokea ile chupa.

Kwa hiyo tulipokaa kama ukoo kuamua mama aambiwe nini kuhusu koo langu, tulifanya kile tunachokijua. Asiambiwe kwanza. Moyo wake hautastahimili. Akate simu akijua mwanawe ana mafua makali. Nilimpigia Ijumaa ya mwisho nikamnong'onezea habari za mpunga wake, naye akaniambia nifunike kifua.

Upasuaji wenyewe siukumbuki. Nilipoamka nilikuwa na mpira puani wa kupitishia chakula, na upepo ulikuwa unaingia mwilini mwangu kwa mlango mpya. Mtu hupumua maisha yake yote bila kusikia, kisha siku moja anasikia kila pumzi yake kama mtu mwingine amelala kitanda cha jirani. Nilipokohoa, kikohozi kilitokea shingoni. Sikuweza kupuliza chai ipoe. Sikuweza kunusa, maana pua ilikuwa imebaki kama dirisha la kuchorwa ukutani. Zuhura alinikaangia samaki siku niliyoruhusiwa kula, akaniletea akiwa amejaa matumaini, na samaki yule alikuwa na ladha ya kitu laini. Nililia. Kulia bila sauti kunachekesha kidogo ukijiona kwenye kioo: uso unafanya kazi yote na hakuna kinachotoka.

Ijumaa ilifika.

"Amelala, Mama," Zuhura alisema kwenye simu, akiwa amekaa ukingoni mwa kitanda changu, mimi nikimtazama kwa macho makavu.

Ijumaa iliyofuata nilikuwa nimepelekwa kupigwa picha. Iliyofuata simu haikuwa na chaji, ingawa ilikuwa ndiyo hiyohiyo anayoongelea. Kila mara alimalizia, "Lakini anaendelea vizuri."

Nilimsikia mama akijibu, maana simu ya Zuhura hupaza: "Zuhura mwanangu, nchi hii kila aliyekufa alikuwa anaendelea vizuri."

Zuhura alikata simu. Kisha akanigeuzia hasira ambayo nadhani ilikuwa inatafuta mtu tangu zamani. "Na wewe huna hata la kusema," akaniambia. Alishtuka aliposikia alichokisema. Tukatazamana. Nikaanza kucheka, mabega tu, naye akacheka, halafu akafunika uso kwa mtandio wake na hakikuwa tena kicheko.

Aliamua kusema kweli. Sitamlaumu kwa namna alivyoisema, maana hata mimi, msomi wa lugha, nisingepata namna bora. Ijumaa iliyofuata alivuta pumzi akasema, "Mama, ukweli ni kwamba Baba Rehema alikuwa na uvimbe. Amekatwa koo. Yu hai, ila hana sauti."

Kwa Kiswahili, anayekatwa koo ni kuku, na mbuzi wa sikukuu. Nilimwona Zuhura akitambua hilo kwa kuchelewa, mkono ukienda mdomoni.

Kisha mama akasema, polepole, "Aliyekatwa koo yu hai."

"Yu hai, Mama. Wallahi. Huyu hapa. Nampa simu."

Niliishika simu. Sikujua niiweke mdomoni au shingoni. Niliiweka mdomoni, nikafungua midomo kwa mazoea ya miaka hamsini, na hakikutoka kitu. Nikaishusha kwenye tundu nikapumua. Nikaigonga kwa ukucha. Nilifanya kila kelele inayoweza kufanywa na mwalimu aliyestaafishwa sauti.

"Nani huyo anayenikoromea?" mama aliuliza. Halafu sauti yake ikaenda mbali, akimwambia Bi Somoe, "Shika simu yako. Wananificha. Nitandikieni nkeka."

Mionzi ilianza mvua zikiwa zimeshika. Kwanza walinitengenezea barakoa ya plastiki iliyofinyangwa juu ya uso wangu, ya kunibana kichwa juu ya meza nisitikisike. Kwenye benchi la kusubiri nilikutana na Twaha, Myao wa Tunduru, mwenye uvimbe wa taya. Alipojua kabila langu alifurahi kama aliyepata urithi, maana Wayao na sisi tuna utani, na mtani hana huruma hata hospitali.

"Mmakonde," akaniambia, "hata kuumwa hamwezi mpaka mchongewe kinyago?"

Niliandika kwenye simu yangu kwamba hata yeye anacho. Akasoma akaniambia, "Mimi nimeazima tu. Nyie ndiyo biashara yenu."

Muuguzi alipotoka na kuita jina langu, na mimi nikawa nainua mkono ambao hakuuona, Twaha ndiye aliyekuwa akijibu, "Yupo, ila ana kiburi." Siku zote hivyo. Ikawa muuguzi akiita, benchi zima linajibu, "Yupo, ila ana kiburi," kina mama wa matiti, mzee wa tezi, wote. Sijui kama nimewahi kutajwa kwa heshima zaidi kwenye mkutano wowote. Kama na wewe umepangiwa mionzi, tafuta benchi lako. Ngozi itaungua, mate yatakauka, ndevu zitaondoka upande mmoja na kukuacha kama nyumba iliyopakwa rangi nusu. Bila benchi, utakuwa unahesabu hayo peke yako.

Kisha muuguzi akaita jina la Twaha na hakuna aliyejibu. Aliita tena. Wote walinitazama mimi, kwa kuwa zamu ilikuwa yangu, na mimi sikuwa na cha kujibia. Baada ya siku chache shemeji yake alipita kuchukua karatasi zake. Nilimwandikia, "Mtani wangu anaendeleaje?"

"Amerudi kwao kupumzika," akasema, akiangalia sakafu. "Anaendelea vizuri."

Nilibaki nimeketi pale na simu mkononi. Nilimwelewa mama yangu kuliko nilivyowahi kumwelewa nikiwa na sauti.

Habari za Mahurunga zilitufikia kwa Bi Somoe. Alimpigia Zuhura, na Zuhura akaniwekea simu nisikie.

"Mama mkwe wako kakaa mkekani," Bi Somoe alisema. "Kahama kitanda. Kavua hereni. Chakula anakidokoa kama kuku mgonjwa."

"Hamjamwambia kwamba yu hai?"

"Tumemwambia mpaka midomo imechoka. Anasema na sisi tumefundishwa cha kusema. Na kusema kweli, Zuhura, usichukie, wengine humu hawajui wamwamini nani. Wewe ulisema kalala."

Zuhura alifumba macho. "Sasa mnafanyaje?"

"Tunakaa naye. Tumepeana zamu. Asubuhi huyu, jioni yule. Tunapika, tunakula, tunamsimulia."

"Bi Somoe, mnakaa matanga ya mtu aliye hai?"

"Ntu analia, utamwacha alie peke yake kwa sababu kakosea?" Bi Somoe alisema. "Shehe naye tulimwita asome dua. Kasema ya maiti hasomi bila maiti, anasoma ya mgonjwa. Kaisoma kwa sauti ndogo ili mama asijue ni ipi."

Nilitaka kuondoka siku ileile. Nilimwandikia daktari maelezo marefu, kama kawaida yangu, yenye utangulizi na hitimisho. Aliyasoma yote, akavua miwani.

"Mwalimu, ukikatiza mionzi hapa katikati, kazi yote tuliyofanya inaharibika. Mama yako atakuja kulia mara ya pili, na hapo atakuwa sahihi."

Nikabaki. Mama yangu aliyekuwa akidokoa chakula alikuwa na umri ambao mtu hahitaji ugonjwa kuondoka, huzuni inatosha. Kila asubuhi nilifungwa kinyago changu mezani nikiwaza kitu kimoja: kwamba ninalala hapa kutibiwa nisife, na mama anakufa huko kwa sababu ameamini nimekufa. Hapakuwa na picha ya kumtumia, maana haoni. Hapakuwa na sauti ya kumtumia. Kati ya sauti zangu za zamani zilizokuwa kwenye simu za watu, nikitoa hotuba, Zuhura alimchezea moja. Mama alisikiliza hadi mwisho, akashukuru, akasema marehemu alikuwa anaongea sana.

Mionzi ilipokwisha tulipanda basi la kurudi kusini siku iliyofuata. Nilikuwa nimefunga kitambaa shingoni kuzuia vumbi, na abiria wa kiti cha pembeni alimuuliza Zuhura kama mimi ni bubu tangu kuzaliwa. "Hapana," Zuhura akasema, "amepata nafuu hivi karibuni." Ndoa yetu ilikuwa imeanza kupona.

Hatukufungua hata nyumba yetu ya Shangani mjini. Tulikodi gari moja kwa moja hadi Mahurunga. Mvua zilikuwa zinaishia, mpunga wa bondeni umeinamisha vichwa, na barabara ilikuwa na matope ambayo dereva aliyasalimia moja moja.

Uani kwa mama palikuwa na mikeka imetandikwa. Wanawake kadhaa walikuwa wanachambua mchele, sufuria kubwa mekoni, na mama katikati, mdogo kuliko nilivyomwacha, kaniki kichwani. Nilisimama kwenye upenyo wa ua. Maisha yangu yote nimeingia hapo nikipiga hodi ya kusikika hadi mtoni. Zuhura alipiga hodi kwa ajili yetu.

"Karibu, Zuhura," mama akasema kabla Zuhura hajajitaja. "Umekuja na nani?"

Wanawake walikuwa wameshaniona. Mikono ilikuwa imesimama ndani ya nyungo. Bi Somoe alinitazama kutoka kichwani hadi miguuni, akachukua muda wake.

"Marehemu kafika," alisema. "Mpisheni akae."

"Somoe, usinitanie mimi kwenye matanga yangu," mama akasema.

Nilivua viatu nikaketi mbele yake. Nilichukua mkono wake nikauweka usoni kwangu. Vidole vilipita kwenye shavu, vikashuka kwenye kidevu ambako ndevu hazikuwepo, vikakuta ngozi iliyokwaruza kama ganda la muhogo. Ukashuka mkono mwingine hadi tumboni.

"Huyu nkondefu," akasema. "Bakari ana tumbo."

"Tumbo limebaki Dar, Mama," Zuhura akasema.

Mama alipandisha mkono tena, akakuta kitambaa, akakiinua. Vidole vyake vilifika ukingoni mwa tundu vikasimama. Alihisi upepo ukitoka na kuingia. Nilijizuia, nikashindwa, nikamkoholea kiganjani. Hakuuondoa mkono kwa haraka. Aliufuta kwenye kanga yake, taratibu, kama alivyokuwa akifuta pua zetu tukiwa wadogo, akaurudisha palepale.

"Sema neno."

Midomo ilicheza. Hakikutoka kitu. Hakuna aliyepumua pale uani isipokuwa mimi, kwa njia yangu mpya.

"Bakari hajawahi kukosa neno," mama akasema. Aligeuza uso kuelekea kwa wanawake, akaanza kusimulia, kwa sauti ile ya matangani ya kumkumbuka mtu. "Bakari nilinzaa mto ulipofurika. Maji yalikuwa yamefika kwenye mashina ya minazi. Ilikuwa siku ya Alhamisi."

Ilikuwa Ijumaa. Karatasi ya kliniki inasema Ijumaa, na mimi na mama tumebishana juu ya jambo hili kila aliposimulia, harusini kwangu ikiwemo. Kabla sijafikiri, mkono wangu ulikuwa umemgonga gotini.

Aliurudisha uso kwangu. "Alhamisi," akarudia.

Nikamgonga tena.

"Alhamisi, alfajiri."

Nikamgonga mara mbili, kwa nguvu kidogo, kama ninavyogonga meza darasani.

"Ndiye," mama akasema. "Ntu gani mwingine atambishia mama yake matangani kwake mwenyewe?"

Hapo ndipo vilio vilipoanza, vya kweli sasa, na wanawake walinishika mabega na kichwa, wakanishikashika kama mtungi unaotafutwa ufa. Mama hakulia nao. Alikuwa amenishika kifundo cha mkono. Walipotulia alisema, akiwaambia wao na mimi pamoja, "Lakini mimi sikukosea. Kwenye simu ile nilisikia ntu amekufa. Ilikuwa sauti yake. Ile nayo niliizaa mimi. Ntoto alilia kabla sijamwona, nikajua nimepata ntoto. Sasa imekwenda, na haikuzikwa, na hakuna aliyeilia. Tumeilia sisi."

Nimepewa pole nyingi tangu niumwe. Nimepewa vipeperushi na maneno ya kutia moyo. Hakuna mwingine aliyewahi kuniambia kwamba nimefiwa. Nililala mkekani, kichwa mapajani kwake, mtu mzima mwenye shahada mbili, nikakaa matanga yangu pamoja na wale waliokuwa wamenitangulia kuyakaa.

Siku iliyofuata walianua matanga. Shehe akasoma dua, safari hii kwa sauti ya kawaida, wanawake wakaosha masufuria, kila mmoja akakunja mkeka wake. Bi Somoe alinijia akiwa amejitwika ungo.

"Nwalimu, ubwabwa wako tumeula," akasema. "Ukifa tena usitusumbue, hatuji."

Mama aliingia kitandani kwake usiku ule, akala uji wote.

Miezi iliyobaki nilimpigia kila Ijumaa kama zamani. Yeye anasema, mimi nagonga simu kwa ukucha. Alisimulia zaidi kuliko maishani mwake mwote. Kumbe alikuwa na mengi na mimi ndiye niliyekuwa sijampa nafasi. Mimi nilikuwa naendelea na mazoezi ya kusema kwa kubeua hewa, ambayo ni kama kufundisha chura kusoma habari, na nilikuwa namtunzia neno la kwanza litakalosikika. Halikuwahi. Mvua zilizofuata alilala asiamke tena. Waliniambia kwa ujumbe wa simu, maneno machache, bila kunizungusha. Bi Somoe ndiye aliyewaagiza. Aliwaambia huyu msimfiche, mmwambie kama ilivyo.

Kwa hiyo nilifika pale uani nikijua. Mikeka ilikuwa ileile na wanawake walewale, na nafasi ya katikati ndiyo iliyokuwa yangu sasa. Watu wa Mahurunga walipita mmoja mmoja, na wa kutoka mjini, na wachache wa chuoni walioingia na viatu vyao vya ofisi mkononi. Kila mmoja aliinama kwangu akaniambia pole na msiba. Kwetu pole ina jibu lake, na mfiwa akinyamaza anaonekana amekataa mkono. Nilifungua midomo kwa wa kwanza. Bi Somoe alikuwa ameketi ubavuni kwangu, bega lake limenigusa.

"Tumeshapoa," akajibu yeye.

Akajibu hivyo kwa wa pili, na kwa wote, hadi jua likashuka, na alipochoka mwanamke wa pembeni alipokea zamu. Nimefundisha sarufi zaidi ya nusu ya maisha yangu, na sikuweza kujizuia kulichambua neno lile nikiwa pale chini. Kitenzi chake kilikuwa cha uongo, kwa maana hakuna aliyekuwa amepoa. Ile "tu" ya mwanzo ilikuwa kweli.